Sare ya Leipzig, 1960
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Liko neno linalorudiwa sana shuleni petu siku hizi, hasa jioni baada ya chakula, mbao za sataranji zinapotolewa: kwamba mchezo uliomalizika kwa sare ni mchezo wa waoga. Neno hilo lilitufanya sisi wenyewe wanafunzi, tulipopanga mashindano ya mabweni ya muhula huu, tupatane kwamba mshindi ataandikiwa pointi moja, na wawili watakaotoka sare hawataandikiwa kitu. Wanaolitetea husema kwamba kila mchezaji amepewa kete 16 na akili yake, na asiyeweza kumshinda mwenzake asidai zawadi. Ajabu ni kwamba watu hao hao, timu yetu ya mpira ikitoka sare ugenini, hurudi wakiimba.

Mimi nalipinga neno hilo, na shahidi wangu ni mchezo mmoja uliochezwa Novemba 1960 katika mji wa Leipzig, uliokuwa wakati ule katika Ujerumani Mashariki. Mweupe alikuwa kijana wa Marekani mwenye umri wa miaka 17. Mweusi alikuwa bingwa wa dunia. Walicheza hatua 21 tu, wakapeana mikono kwa sare, na mpaka leo mchezo ule wachapwa katika vitabu na kufundishwa.

Yafaa kwanza niseme machache kwa ajili ya wazazi wetu na wengine wasioujua mchezo wenyewe. Sataranji, au chesi kama wengi waiitavyo, huchezwa juu ya ubao ule ule wa drafti wenye miraba 64, minane kwa minane. Ufikirie kama majaruba ya mpunga ya hapa Tindiga yakitazamwa kutoka juu. Kila jaruba lina anwani yake. Safu zaitwa kwa herufi, a mpaka h, kutoka kushoto kwenda kulia kwa macho ya Mweupe. Mistari yahesabiwa 1 mpaka 8, kuanzia upande wake. Basi nikisema e4, msomaji atafute safu ya e, mraba wa nne kutoka kwa Mweupe.

Kila upande una mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Ngome huenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando. Askofu huenda mshazari. Malkia huenda kama ngome na kama askofu. Farasi huruka, miraba miwili kisha mmoja kando, wala hajali aliyesimama njiani. Askari husogea mbele mraba mmoja, au miwili akiwa hajatoka kwake, lakini hula kwa mshazari. Mfalme huenda mraba mmoja tu upande wowote, naye ndiye mchezo wote: akitishwa lazima aokolewe papo hapo, na akikosa pa kukimbilia mchezo umekwisha. Tofauti moja na drafti wachezaji wetu wapya huisahau kila siku: hapa kula si lazima. Unaweza kuiacha kete ya mwenzako iliyo mdomoni ukafanya jambo lingine. Kwa hesabu ya kawaida malkia huthaminiwa 9, ngome 5, askofu na farasi 3 kila mmoja, na askari 1. Tutaihitaji hesabu hiyo mwishoni.

Sasa wachezaji. Mashindano yenyewe yalikuwa Olimpiadi ya Sataranji, yaani yale ya timu za mataifa, ambayo miaka mingi baadaye Phiona Mutesi, binti wa Katwe mjini Kampala, aliichezea Uganda. Robert Fischer, aliyezaliwa Chicago mwaka 1943 na kukulia Brooklyn, New York, alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa nchi yake akiwa na umri wa miaka 14. Mikhail Tal alikuwa mtu wa Riga, katika Latvia, aliyezaliwa mwaka 1936. Mwezi wa Mei mwaka ule wa 1960 alimshinda Mikhail Botvinnik, akawa bingwa wa dunia kijana kupita wote waliomtangulia. Alipoketi Leipzig alikuwa hajatimiza miaka 24. Sifa ya Tal ilikuwa moja: hakuogopa kupoteza. Aliweza kumtupa askofu au ngome ili mfalme wa mwenzake abaki uwanjani bila nguo, na mwenzake alipokuwa bado anahesabu, saa ilimwishia.

Fischer alimjua vizuri, na hapo ndipo ulipo uzito wa habari hii. Mara ya kwanza walikutana Portorož, Yugoslavia, mwaka 1958, wakatoka sare. Mwaka 1959 wakakutana katika mashindano ya kumtafuta atakayempinga bingwa, ambamo kila mchezaji alicheza na kila mwenzake mara nne. Tal alimshinda Fischer mara zote nne. Sasa imepita miaka miwili tangu sare ile ya kwanza, na kijana amewekwa tena mbele ya mtu yule yule, safari hii bingwa wa dunia, na juu ya meza ya kwanza ya nchi yake. Kama woga ndio uletao sare, hapa palikuwa na kila sababu ya kuogopa. Tutazame basi kama aliogopa.

Mwanzo wa mchezo ulikuwa huu. Fischer alimsogeza askari wake e2–e4, na Tal akajibu e7–e6. Jibu hilo huitwa Ulinzi wa Kifaransa. Lilipata jina hilo baada ya mchezo wa barua kati ya watu wa London na watu wa Paris, ulioanza mwaka 1834, ambao Wafaransa walijibu hivyo wakashinda. Lina sura ya unyenyekevu, kwa maana Mweusi asogea mraba mmoja tu, lakini nia yake ni kumpiga yule askari wa e4 katika hatua ya pili. Ndivyo ilivyokuwa: d2–d4, d7–d5.

Hapa nawaomba wale wa neno la waoga wasimame kidogo. Katika hatua ya tatu Mweupe anaweza kula askari wa d5, Mweusi naye akamla aliyekula, na mara ubao hufanana pande zote mbili kama uso na kioo. Njia hiyo inajulikana sana, haina hatari, na wengi wanaotaka sare huifuata. Ilikuwa wazi mbele ya Fischer. Hakuifuata. Alimtoa farasi b1–c3 kumkinga askari wa e4.

Tal akamtoa askofu wake f8–b4. Hatua hii ndiyo inayoupa mwanzo huu jina lake la pili, Winawer, kutokana na Szymon Winawer, mchezaji wa Poland wa karne ya 19. Askofu wa b4 anamtazama farasi wa c3, na nyuma ya farasi yule, katika mshazari ule ule, amesimama mfalme mweupe. Kwa hiyo farasi amefungwa. Akiondoka, mfalme wake atakuwa mdomoni, na sheria hairuhusu. Fischer akamsukuma askari e4–e5, akaenda mbele kuliko kukaa akilinda, na Tal akaupiga mzizi wa ngome hiyo ya askari kwa c7–c5.

Ieleweke hali ilivyokuwa sasa. Katikati pamefungwa: askari mweupe wa e5 na askari mweusi wa e6 wamegongana vichwa, hakuna apitaye. Ni kama barabara iliyokatwa na maji ya masika. Kila msafiri hutafuta njia ya kando. Njia ya Mweupe ipo kuliani kwake, kwa mfalme mweusi, kwa sababu yule askofu ambaye angalilinda upande ule amekwenda mbali b4. Njia ya Mweusi ipo upande wa pili, kwenye safu za c na d. Kila mmoja ana shamba lake la kuvuna, na swali ni nani atakayewahi. Mwanzo wa namna hii haumpi mtu nafasi ya kulala.

Hatua ya tano Fischer alimuuliza yule askofu: a2–a3. Wengi wakiulizwa hivyo humla farasi wa c3 na mambo hutulia kidogo. Tal alimrudisha a5, ili farasi aendelee kufungwa. Fischer akamfuata kwa b2–b4. Sasa askofu ameingia pembeni na askari wamemzunguka. Mtu mwingine angeanza kutafuta namna ya kumwokoa. Tal alimwacha pale alipo akala askari wa d4 kwa askari wake wa c5, kana kwamba anasema, ukila askofu wangu nami nala farasi wako. Fischer naye hakula mara moja. Alimtoa malkia d1–g4, akamwelekeza kwa askari wa g7, ambaye kwa kuondoka kwa askofu alikuwa hana mlinzi. Tal akatoa farasi g8–e7. Ndipo wakala: Fischer askofu wa a5, Tal farasi wa c3, Fischer askari wa g7. Ngome nyeusi ikaja g8 kumfukuza malkia, naye akala askari wa h7 akakaa pale pale.

Hizo ni hatua kumi, na wasomaji wanaocheza watakuwa wamekwisha kuweka kete zao. Mweupe amezidi askari mmoja. Lakini safu ya g imekuwa wazi, na ngome ya g8 yatazama moja kwa moja mpaka g2, mahali ambapo mfalme mweupe kwa desturi hukimbilia. Yaani askari aliyemla Fischer ndiye aliyekuwa mlango, na sasa mlango umefunguka kwa pande zote mbili.

Nitapita upesi hatua tatu zilizofuata. Tal alimleta farasi wa b8 kwenye c6, na malkia wake c7, wote wakimtazama askari wa e5. Fischer alimweka farasi f3 kumlinda, na askofu b5 kumbana farasi wa c6, naye Tal akaweka askofu wake d7. Hatua ya 13 wafalme wote wawili waliingia ndani, kwa ile ruhusa ya kumvusha mfalme pamoja na ngome: mfalme mweusi upande wa malkia wake, c8, na mfalme mweupe g1, palepale ilipokuwa inatazama ngome ya g8. Mimi ningesita. Yeye hakusita.

Hatua ya 14 Fischer alimweka askofu wake wa pili g5. Askofu huyo alifanya kazi mbili: aliiziba safu ya g ili ngome isione g2, na alimtisha farasi wa e7. Ndipo Tal alipofanya jambo ambalo kwa ajili yake alipendwa na watu duniani kote. Alimchukua farasi wa c6 akamla askari wa e5, mahali panapolindwa na farasi mweupe wa f3. Fischer akamla farasi huyo. Lakini farasi mweusi kwa kuondoka c6 alikuwa amemfungulia njia askofu wa d7, naye akamla askofu wa b5. Sasa hesabu, msomaji, kete za Fischer zilizo mdomoni: farasi wa e5 anatishwa na malkia, askofu wa g5 anatishwa na ngome, na ngome yake ya f1 inatishwa na yule askofu aliyefika b5. Kete tatu kwa wakati mmoja, na kila mchezaji ana hatua moja tu kwa zamu.

Mtu mwenye kuogopa hapa hurudisha moja na kulia juu ya nyingine. Fischer alimrusha yule farasi mbele zaidi, akala askari wa f7. Kutoka pale farasi anamlinda askofu wa g5, na papo hapo anaitisha ngome ya d8. Tal hakuiokoa ngome. Akala ngome ya f1. Fischer akala ngome ya d8. Tal, kwa ngome yake ya pili, akala askofu wa g5. Farasi mweupe, ambaye kwa kweli ndiye aliyefanya kazi kubwa siku ile, akaruka tena na kula askari wa e6, na hapo akawa anamtisha malkia wa c7 na ngome ya g5 kwa pamoja. Tal hakumtazama malkia wake. Alipeleka ngome g2, akala askari na kumtisha mfalme. Mfalme hawezi kuila, kwa kuwa askofu mweusi aliyefika f1 anailinda. Mfalme akakimbilia h1.

Tangu farasi mweusi kula e5 mpaka ngome kula g2, kila hatua, ya huyu na ya yule, ilikuwa ya kula. Tisa mfululizo. Waliosema kwamba wachezaji wakitoka sare wameogopana, nawaomba wanitafutie mchezo wao wenyewe uliokuwa na tisa mfululizo.

Sasa malkia mweusi alijiokoa kwa kwenda e5, akawa anamtisha farasi wa e6. Fischer akamla askofu wa f1 kwa ngome yake ya a1, na ngome nyeusi ya g2 ikabaki bila mlinzi. Tal akamla farasi wa e6. Mfalme mweupe mwenyewe akaila ngome ya g2. Na Tal, katika hatua yake ya 21, akampeleka malkia g4 na kumtisha mfalme. Hapo wakakubaliana sare.

Kwa nini? Hesabu yasema Mweupe ameshinda. Anao malkia, ngome na askari watano, ambao ni 19. Mweusi anao malkia, farasi na askari wanne, ambao ni 16. Tena malkia mweupe aliye h7 anamtazama farasi wa e7 kwa mstari ulionyooka, na malkia mweusi kwa kwenda g4 amemwacha farasi huyo bila mlinzi. Mweusi akikosa kumtisha mfalme hata kwa zamu moja tu, farasi wake ataliwa na mchezo utakuwa umekwisha.

Lakini hatakosa. Mfalme mweupe yuko g2, na malkia yuko g4. Mraba wa f1 una ngome yake mwenyewe, f2 na h2 ina askari wake mwenyewe, na f3, g3, h3 na g1 zote zaonwa na malkia mweusi. Umebaki mraba mmoja, h1. Akienda h1, malkia huja f3 na kumtisha tena. Sasa mraba uliobaki ni g1 peke yake. Akienda g1, malkia hurudi g4. Akienda h1, malkia f3. Kete nyingine zote nyeupe haziwezi kuja kuziba, wala hakuna iwezayo kumla malkia yule. Wangeweza kuendelea hivyo mpaka Leipzig kuche na kuchwa. Hii ndiyo iitwayo tisho lisilokwisha. Mwenye mali kidogo hamshindi mwenye mali nyingi, lakini hampi hata nukta moja ya kuitumia mali yake. Wacheza drafti wanalo jambo linalofanana nalo kidogo, kingi anapokimbia katika njia kuu na hakuna wa kumfukuza, ila pale anayekimbia ndiye anayejiokoa, na hapa anayefukuza ndiye.

Sare za sataranji ziko za namna nyingine pia. Hali ile ile ikirudi mara tatu, mchezaji aweza kudai sare. Zikipita hatua 50 za kila upande bila mtu kula wala askari kusogea, kadhalika. Pande zote mbili zikibakiwa na mfalme tu, hakuna awezaye kuua. Na iko ile inayowaudhi wengi: mchezaji mwenye zamu hatishwi, lakini hana hatua yoyote halali ya kufanya, hiyo ni sare, hata mwenzake akiwa na malkia wawili. Bweni letu limekwisha kupoteza ushindi namna hiyo zaidi ya mara moja, na naona ni haki: aliyekuwa na malkia wawili alipaswa kutazama.

Haki hainiruhusu kuficha upande wa pili. Sare za kupatana zipo, na aliyelalamika juu yake kwa sauti kubwa kuliko wote ni Fischer huyu huyu. Mwaka 1962, katika kisiwa cha Curaçao, wachezaji watatu wa Umoja wa Sovieti, Petrosian, Keres na Geller, walicheza wao kwa wao michezo 12, na yote 12 ikawa sare, mingine mifupi mno. Fischer akaandika gazetini huko Marekani mwaka ule ule kwamba walikuwa wakipumzishana ili wapate nguvu za kuwapiga wengine. Chama cha sataranji cha dunia kikabadili utaratibu. Kuanzia mwaka 1965 mashindano yale yakawa ya watu wawili wawili, anayeshindwa atoke.

Lakini angalieni dawa waliyoichagua. Hawakuondoa nusu pointi. Katika mashindano ya London ya mwaka 1862 watu walijaribu kuikataa sare kabisa. Mchezo uliotoka sare ulichezwa upya mpaka mmoja ashinde, na kwa njia hiyo wachezaji walichoka na ratiba ikavurugika. Utaratibu wa kumpa kila mmoja nusu ndio uliodumu. Na mwaka 2005 huko Sofia, Bulgaria, walipata dawa iliyo nyepesi zaidi: wachezaji walikatazwa kupatana wenyewe kwa wenyewe, na atakaye sare ilimpasa amwite mwamuzi athibitishe kwamba ubaoni hakuna la kuchezea. Kwa sheria hiyo sare ya Leipzig ingepita bila shida. Mwamuzi angetazama g1, angetazama h1, angesaini.

Kwa timu ya Marekani nusu ile haikuwa ndogo. Ilitoka kwa bingwa wa dunia. Umoja wa Sovieti walichukua nishani ya dhahabu Leipzig, na Marekani wakapata ya fedha. Kwa Fischer mwenyewe, mwaka uliofuata, 1961, walikutana tena mjini Bled, naye akamshinda Tal kwa mara ya kwanza. Tal alikuwa amekwisha kupoteza ubingwa kwa Botvinnik mwaka huo huo. Fischer alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1972, mjini Reykjavík, alipomshinda Boris Spassky. Tal alifariki mwaka 1992, na Fischer mwaka 2008. Fischer alipochagua michezo 60 ya maisha yake kuiandikia kitabu, sare hii aliiweka humo.

Nimewasilisha maombi mawili kwa kamati ya michezo: kwamba sare iandikwe nusu pointi kwa kila mmoja, na kwamba wachezaji wasipatane wenyewe bali wamwite mwamuzi, kama ilivyokuwa Sofia. Yatazungumzwa katika mkutano wa mabweni, Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Nitakuja na ubao umepangwa kete 15, kama zilivyosimama Leipzig baada ya hatua ya 21. Atakayeona njia ya mfalme mweupe kutoka pale aje aionyeshe.